Kuilaza kompyuta fofofo: mwongozo kamili wa kuhifadhi RAM kwenye diski, Windows na Linux

Kompyuta unaweza kuiacha kwa njia tatu. Ukiizima, kila kilichokuwa kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, kinapotea. Ukiisinzisha, RAM inaendelea kupewa umeme kidogo ili isisahau. Betri ikiisha, nayo inasahau. Njia ya tatu ni kuinakili RAM kwenye diski na kukata umeme kabisa. Kwenye menyu imeandikwa Hibernate. Hapa tutaiita kulala fofofo. Mashine iliyolala hivyo unaweza kuichomoa betri, ukakaa nayo wiki mbili, kisha ukaiwasha na kukuta sentensi uliyoiacha nusu bado inakusubiri.

Watu wengi waliijaribu mara moja, ikawashinda, wakaiacha. Karibu kila kushindwa huko kuna chanzo kimoja kati ya vitatu: picha ya RAM ilikosa mahali pa kukaa, au mashine ilipoamka haikujua picha iko wapi, au diski iliguswa wakati mwenyewe amelala. Yashike hayo matatu.

Kinachofanyika ndani

Kiwango kinachotawala mambo haya ni ACPI, kilichotolewa Desemba 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Ndicho kilichozipa hali za umeme majina: S0 mashine iko macho, S3 imesinzia, S4 imelala fofofo, S5 imezimwa. Ukiitazama kwa nje, S4 na S5 ni ndugu mapacha. Feni kimya, taa hakuna. Kinachozitofautisha kiko kwenye diski tu.

Tuifuate Linux, kwa kuwa hatua zake ziko wazi. Kiini cha mfumo (kernel) kinaanza kwa kugandisha programu zote, moja baada ya nyingine. Zina sekunde 20 za kutii. Ikipatikana moja inayokaidi, zoezi zima linavunjwa na kwenye kumbukumbu za mfumo unakuta mstari unaoanza na `Freezing` na wenye maneno `failed after 20`. Mkaidi mara nyingi ni programu inayosubiri faili lililo kwenye mtandao ambao haupo.

Zikishagandishwa, kiini kinapunguza mzigo. Sehemu kubwa ya RAM huwa ni nakala za mafaili ambayo tayari yako kwenye diski. Hizo zinatupwa, zitasomwa tena zikihitajika. Nyingine zinasukumwa kwenye swapu, yaani eneo la diski linaloisaidia RAM. Shabaha ya kawaida ni picha isiyozidi takriban mbili ya tano ya RAM, na unaweza kuiona kwa baiti kwenye `/sys/power/image_size`.

Hapo ndipo inapokuja hatua nyeti. RAM ikinakiliwa huku ikibadilika, nakala itakuwa uongo. Kwa hiyo vifaa vyote vinasimamishwa, viini vya prosesa vinazimwa vyote isipokuwa kimoja, na hicho kimoja kinanakili RAM kwenye sehemu ya RAM iliyo wazi. Soma hapo mara mbili: nakala ya kwanza inakaa kwenye RAM yenyewe, diski bado haijaguswa. Ndiyo maana picha haiwezi kuzidi nusu ya RAM, na ndiyo maana mashine iliyojaa hadi shingoni hukawia kabla ya kulala. Inajitafutia nafasi.

Nakala ikishapatikana, vifaa vinaamshwa tena kidogo, maana bila diski hakuna pa kuandika. Picha inabanwa (kwa kawaida kwa LZO) na kuandikwa kwenye swapu. Kisha kiini kinabadilisha alama iliyo mwanzoni mwa swapu: palipoandikwa `SWAPSPACE2` sasa panasomeka `S1SUSPEND`. Umeme unakatwa.

Kuamka ni kitu cha ajabu kidogo. Ukibonyeza kitufe, Linux mpya kabisa inawaka kama siku zote. Kabla haijagusa mafaili yako, inachungulia swapu. Ikiikuta ile alama, inaifuta papo hapo, inaisomea picha kwenye RAM, inasimamisha vifaa, kisha inakiachia usukani kiini cha zamani na yenyewe inatoweka. Alama ikishafutwa haurudi tena kwenye picha ile: inatumika mara moja tu. Kuamka kukikwama katikati, mara ya pili mashine itawaka upya kana kwamba ilizimwa vibaya, na ambacho hukukihifadhi kimekwenda.

Windows inafuata mantiki hiyohiyo, ila yenyewe haiazimi swapu. Inatenga mapema faili lake maalumu, `C:\hiberfil.sys`, lililofichwa, na linakaa pale hata kama hulitumii.

Pima nafasi kwanza

Windows ikiachwa kama ilivyo, hutenga asilimia 40 ya RAM. Mashine ya GB 16 itakuwa na faili la GB 6.4 hivi. Picha inabanwa, kwa hiyo kwa kazi za kawaida inatosha. Kama unafungua mashine pepe, video ndefu au picha nzito, vitu ambavyo havibaniki, ongeza hadi asilimia 100.

Kwa Linux, swapu isitoshane na RAM kamili, iizidi kidogo. Sababu tumeshaiona: swapu inabeba vitu viwili kwa wakati mmoja, yale yaliyosukumwa humo mapema na picha yenyewe. Kanuni wanayoipendekeza watu wa Ubuntu ni RAM ujumlishe kipeuo cha pili cha RAM: GB 4 inapata swapu ya GB 6, GB 8 inapata 11, GB 16 inapata 20, GB 32 inapata 38. Swapu ya GB 2 ambayo visakinishi vingi huiacha haifai kitu hapa.

Muda nao unapigiwa hesabu. Picha ya GB 4 kwenye diski ya kuzunguka inayoandika MB 100 kwa sekunde inachukua sekunde 40, ukiacha maandalizi. Kwenye SSD ya SATA inayoandika MB 500 ni sekunde 8. Wenye diski za kuzunguka msikate tamaa mapema na kushikilia kitufe cha kuzimia. Hapo mnaikata picha katikati.

Na wanaohofia SSD kuchakaa: ukilala mara mbili kwa siku kwa picha ya GB 4, kwa mwaka umeandika takriban TB 2.9. SSD ya GB 500 iliyodhaminiwa kwa TB 300 za kuandikwa ingehitaji karne nzima. Hofu hiyo iwekeni kando.

Windows 10 na 11

Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi: tafuta `cmd`, bofya kulia, chagua "Run as administrator". Uliza mashine inaweza nini:

```
powercfg /a
```

Jibu lina sehemu mbili, hali zinazopatikana na zisizopatikana, kila moja na sababu yake. Ukiona chini ya Hibernate imeandikwa kwamba haijawezeshwa, iwashe:

```
powercfg /h on
powercfg /h /type full
```

Ule mstari wa pili unarukwa na wengi. Kuna aina mbili za faili hili: `reduced`, asilimia 20 ya RAM, inayotosha kuharakisha kuwaka tu, na `full`, inayotosha kulala kweli. Mashine ikiwa kwenye `reduced`, chaguo la Hibernate halionekani na utalitafuta mpaka uchoke. Kama unataka ukubwa kamili:

```
powercfg /h /size 100
```

Sasa lilete chaguo kwenye menyu. Fungua Control Panel, ingia Power Options, bofya "Choose what the power buttons do", halafu "Change settings that are currently unavailable". Chini kabisa weka tiki kwenye Hibernate, kisha "Save changes". Hapohapo amua mashine ifanye nini ukifunga kifuniko. Kwa anayebeba mpakato kwenye begi, ushauri wetu ni Hibernate, hasa kama `powercfg /a` imekuonyesha "Standby (S0 Low Power Idle)". Mashine za namna hiyo hazina S3. Zikisinzia, kwa kweli ziko macho nusu, zinaendelea kuongea na mtandao. Ndizo zinazotolewa kwenye begi zikiwa za moto na betri imebaki nusu.

Ukipenda ilale yenyewe baada ya dakika 60 bila chaja, na isilale kabisa ikiwa kwenye chaja:

```
powercfg /change hibernate-timeout-dc 60
powercfg /change hibernate-timeout-ac 0
```

Kuilaza sasa hivi ni `shutdown /h`.

Jambo moja linawachanganya hata mafundi. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukibofya "Shut down" na Fast Startup ikiwa imewashwa, mashine haizimwi kabisa. Inafunga programu zako, kisha inalaza kiini na draiva ndani ya hiberfil.sys. Draiva iliyoharibika inaamka nayo kesho, imeharibika vilevile. Ndiyo sababu "Restart" hutibu mambo ambayo kuzima na kuwasha hakutibu: Restart inaanza upya kweli. Ukitaka kuzima kwa dhati, shikilia Shift unapobofya "Shut down", au andika `shutdown /s /t 0`.

Anayetaka kuirudisha nafasi ya diski asihangaike kulifuta hiberfil.sys kwa mkono, mfumo unalishikilia. `powercfg /h off` inaliondoa yenyewe, ila inaondoa na Fast Startup.

Linux: Ubuntu na ndugu zake, swapu ikiwa faili

Hapa ndipo pana kazi. Tuchukue mfano wa mashine yenye RAM ya GB 16, mafaili yake yako kwenye ext4, mfumo wa mafaili wa kawaida wa Ubuntu.

Anza kwa kuuliza kama kiini kinaruhusu:

```
cat /sys/power/state
cat /sys/power/disk
swapon --show
```

Mstari wa kwanza lazima uwe na neno `disk`. Kama halimo, na wa pili unasema `[disabled]`, mtuhumiwa wa kwanza ni Secure Boot, ulinzi unaoruhusu mashine kuwaka kwa programu zenye sahihi tu. Ikiwashwa, kiini kwenye Ubuntu, Fedora na nyinginezo kinajifungia, kwa hoja kwamba picha iliyo kwenye diski haina sahihi na mtu angeweza kuichezea kabla haijarudishwa. Hoja ina mashiko. Thibitisha kwa `cat /sys/kernel/security/lockdown`. Ukiona `[integrity]` ndiyo hiyo. Itabidi uchague: Secure Boot au kulala fofofo. Ukiamua kuzima Secure Boot kwenye mashine yenye Windows pia, kwanza pata ule ufunguo wa tarakimu 48 wa BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows), maana Windows ina kila dalili ya kukuuliza ikiwaka tena.

Tengeneza swapu mpya. Angalia jina la faili lako kwenye jibu la `swapon --show`. Laweza kuwa `/swapfile` au `/swap.img`.

```
sudo swapoff /swapfile
sudo dd if=/dev/zero of=/swapfile bs=1M count=20480 status=progress
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile
```

Hesabu ni 20 mara 1024, yaani 20480. Hakikisha `/etc/fstab` ina mstari `/swapfile none swap sw 0 0`.

Sasa tafuta anwani yake. Kiini kinapoamka hakijui kusoma majina ya mafaili. Kinajua diski ipi na umbali gani kutoka mwanzo wake. Kwa hiyo unahitaji vitu viwili:

```
findmnt -no UUID -T /swapfile
sudo filefrag -v /swapfile | head -n 4
```

Amri ya kwanza inakupa UUID, yaani kitambulisho cha pekee, ya diski. Ya pili inatoa jedwali dogo kama hili:

```
 ext:     logical_offset:        physical_offset: length:
   0:        0..   32767:      38912..     71679:  32768:
```

Usiishangae sura ya jedwali kwenye mashine yako. Kinachotakiwa ni safu ya `0:` pekee, na ndani yake namba ya kwanza kabisa chini ya `physical_offset`, ile inayofuatwa na nukta mbili. Tuseme ni 38912. Namba hiyo ni hatua za baiti 4096, wala usiizidishe na chochote. Wengi hunakili namba ya mwisho ya safu, au ya `logical_offset` ambayo daima ni sifuri, kisha wanalalamika kwamba mashine inalala vizuri lakini inaamka mtupu.

Fungua `/etc/default/grub`, mipangilio ya GRUB, programu inayoiwasha Linux, na uongeze anwani kwenye mstari huu, ukiweka UUID yako mwenyewe:

```
GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT="quiet splash resume=UUID=weka-yako-hapa resume_offset=38912"
```

Andika pia `RESUME=UUID=weka-yako-hapa` ndani ya `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume`. Halafu:

```
sudo update-grub
sudo update-initramfs -u -k all
```

Mifumo inayotumia dracut, kama Fedora, haina hiyo amri ya pili. Huko unaweka `add_dracutmodules+=" resume "` kwenye faili ndani ya `/etc/dracut.conf.d/`, kisha `sudo dracut -f`. Fedora ina mtego mwingine: tangu toleo la 33 swapu yake ya kawaida ni zram, ambayo inakaa ndani ya RAM yenyewe. Huwezi kuihifadhi RAM ndani ya RAM kisha ukate umeme. Lazima uongeze swapu ya diski. Wenye Btrfs nao watumie `btrfs filesystem mkswapfile --size 20g` kutengeneza faili, na `btrfs inspect-internal map-swapfile -r` kupata namba ya umbali. Ya filefrag kwao ni ya uongo.

Anzisha mashine upya. Fungua kihariri, andika maneno mawili bila kuyahifadhi, na uilaze:

```
sudo systemctl hibernate
```

Iwashe. Maneno yale mawili yakiwapo, umeshinda.

GNOME, sura ya kawaida ya Ubuntu, hailionyeshi chaguo hili kwenye menyu yake, na mtumiaji wa kawaida anaweza kukataliwa. Ruhusa unaiweka kwenye `/etc/polkit-1/rules.d/10-hibernate.rules`:

```
polkit.addRule(function(action, subject) {
  if (action.id == "org.freedesktop.login1.hibernate" &&
      subject.isInGroup("sudo")) {
    return polkit.Result.YES;
  }
});
```

Mpangilio tunaoupenda kuliko yote kwa mpakato ni kusinzia kwanza, kisha kulala fofofo ukikawia kurudi. Kwenye `/etc/systemd/sleep.conf`, chini ya `[Sleep]`, weka `HibernateDelaySec=45min`; kwenye `/etc/systemd/logind.conf` weka `HandleLidSwitch=suspend-then-hibernate`. Ukienda kunywa chai unaikuta imeamka papo hapo. Ukienda nyumbani, betri haipungui.

Betri iliyochoka na umeme wa mgao

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Kampala, faida kubwa iko hapa. Umeme ukikatika na wewe hupo, mashine ijilaze yenyewe.

Windows ina kiwango cha hatari cha betri, kwa kawaida asilimia 5. Betri iliyochoka haifuati ngazi. Inashuka kutoka 15 hadi sufuri kwa mruko mmoja, na mashine inakufa kabla haijaandika chochote. Ipandishe:

```
powercfg /setdcvalueindex scheme_current sub_battery batlevelcrit 20
powercfg /setdcvalueindex scheme_current sub_battery batactioncrit 2
powercfg /setactive scheme_current
```

Ile 2 maana yake ni kulala fofofo (1 ni kusinzia, 3 ni kuzima).

Kompyuta ya mezani yenye UPS inaweza kufanya vivyo hivyo, mradi UPS iwe na waya wa USB unaoingia kwenye kompyuta. Windows huiona kama betri ya kawaida. Fanya hesabu yako: UPS inayokubeba dakika 6, ukiiwekea kiwango cha asilimia 10, inakuachia sekunde 36. Picha ya GB 4 kwenye diski ya kuzunguka inataka 40, na hapo hujahesabu maandalizi. Weka asilimia 50. UPS isiyo na waya wa data haiwezi kuiambia kompyuta lolote; hiyo ni ya kukupa muda wa kubonyeza mwenyewe.

Linux hufanya haya kupitia `/etc/UPower/UPower.conf`: `PercentageLow=25`, `PercentageCritical=20`, `PercentageAction=15` (lazima zishuke kwa mpangilio huo, la sivyo zinapuuzwa) na `CriticalPowerAction=Hibernate`. Baada ya kubadili, `sudo systemctl restart upower`.

Mwenyewe amelala, usiguse nyumba

Picha ya RAM ina ndani yake kumbukumbu ya jinsi diski ilivyokuwa: mafaili gani yako wazi, nafasi zipi ni tupu, nini kinasubiri kuandikwa. Mfumo ukiamka unaamini diski iko vilevile. Ukiibadilisha nyuma ya mgongo wake, utaandika juu ya vitu ambavyo mfumo mwingine umeshaviweka. Mafaili yanaharibika kimyakimya, na utagundua baada ya siku kadhaa.

Wenye Windows na Linux kwenye mashine moja ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu ya ile Fast Startup: wanadhani wameizima Windows, kumbe imelala. Draiva ya ntfs-3g ya Linux inalijua hili, inakataa kuifungua diski kwa kuandika na kukuambia `Windows is hibernated`. Kwenye majukwaa utaambiwa utumie `remove_hiberfile`. Inafanya kazi, kwa kulifuta faili la picha pamoja na kila kilichokuwa wazi humo. Dawa ni kurudi Windows, kuzima Fast Startup, na kuizima kwa dhati.

Kwa sababu hiyohiyo, toa flashi na diski za nje kabla ya kulala. Na usiongeze wala kupunguza kibao cha RAM mashine ikiwa imelala: Linux hulinganisha ramani ya kumbukumbu, ikiona haifanani inaitupa picha.

Suala la siri nalo. Picha ya RAM ni RAM yako nzima: nywila zilizokuwa wazi, barua, funguo. Kwenye diski isiyosimbwa, atakayeiba mashine anasoma yote kwa utulivu. BitLocker ikiwa imewashwa kwenye C:, hiberfil.sys imo ndani ya ulinzi huo. Kwa Linux, swapu ikae ndani ya LUKS, usimbaji wa diski wa Linux, na mashine itakuuliza nenosiri kabla ya kuamka. Angalia tu kwamba `/etc/crypttab` haiifungui swapu kwa `/dev/urandom`. Ufunguo huo unabuniwa upya kila mashine inapowaka, hivyo picha inafungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake umeshatupwa.

Ikigoma

Inakataa kulala na kusema `Not enough swap space`, au maneno ya namna hiyo: swapu ni ndogo, au iliyopo ni zram. Rudi kwenye vipimo.

Inalala vizuri lakini inawaka upya kama imezimwa: anwani si sahihi. Uliza `cat /proc/cmdline` uone kama `resume=` imo kweli. Kama imo, rudia `filefrag` na ulinganishe. Ukilitengeneza upya faili la swapu hata mara moja, namba inabadilika, na GRUB haitajua mpaka uiambie. Hili ndilo kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote.

Inaamka lakini kioo cheusi, ingawa feni inazunguka: draiva ya grafiki. Kadi ya NVIDIA ina kumbukumbu yake yenyewe ambayo haimo kwenye RAM, nayo lazima ihifadhiwe. Weka kwenye `/etc/modprobe.d/nvidia-power.conf`:

```
options nvidia NVreg_PreserveVideoMemoryAllocations=1 NVreg_TemporaryFilePath=/var/tmp
```

kisha `sudo systemctl enable nvidia-hibernate nvidia-resume`, na ujenge initramfs upya kwa ile amri ya `update-initramfs`. Hiyo `/var/tmp` ina sababu: `/tmp` mara nyingi iko kwenye RAM.

Inajiamsha usiku wa manane bila kuguswa: kwenye Windows, `powercfg /lastwake` inakutajia aliyeiamsha na `powercfg /waketimers` inaonyesha saa zilizotegwa. Kipanya cha USB na kadi ya mtandao huwa kwenye orodha ya washukiwa.

Inaganda katikati bila neno lolote: jaribu kwa vipande. Kiini cha Linux kinakubali kufanya sehemu ya safari tu, kusubiri sekunde 5, kisha kurudi:

```
sudo -i
echo freezer > /sys/power/pm_test
echo disk > /sys/power/state
```

Ikirudi salama, weka `devices` badala ya `freezer`, kisha `platform`, `processors`, na `core`. Ngazi itakayoganda ndiyo yenye mgonjwa. Kwa kawaida ni `devices`, na mgonjwa ni draiva ya Wi-Fi au grafiki. Iondoe kwa `modprobe -r` kabla ya kulala uone kama itapona. Ukimaliza majaribio, `echo none > /sys/power/pm_test`, la sivyo mashine itakuwa inajifanya kulala kila siku na kuamka baada ya sekunde tano.